Geji Kuukuu za Ndege Ndogo: Ipi Ifufuliwe, Ipi Ing'olewe

Mwaka 1986 kampuni ya Cessna ya Kansas, Marekani, iliacha kuunda ndege ndogo za injini moja ya pistoni. Kesi za fidia zilikuwa zimepandisha gharama za bima hadi biashara ikawa hailipi. Miaka kumi ikapita. Iliyoirudisha kazini ni sheria ya mwaka 1994 iliyoweka kikomo cha miaka 18 cha kumshitaki mtengenezaji wa ndege ndogo, na ndege mpya zikaanza kutoka tena mwishoni mwa miaka ya 1990. Pengo hilo lilitufikia hata sisi. Ukiingia kwenye hanga la Wilson jijini Nairobi, la Kajjansi nje ya Kampala au la Soroti, si ajabu kuikuta Cessna 172 au 206 iliyoundwa kabla rubani wake hajazaliwa. Bodi imepakwa rangi upya, injini imeshafunguliwa mara kadhaa, viti vimeshonewa ngozi mpya. Geji zilizo mbele ya rubani huenda ni zile zile zilizotoka nazo kiwandani.

Injini ya ndege ndogo ina saa zake zinazohesabiwa. Lycoming ya kawaida ya Cessna 172 hupendekezwa ifunguliwe yote na kufanywa upya kila baada ya saa 2,000 za kuruka. Geji nyingi hazina hesabu ya namna hiyo; hukaa mahali pake mpaka mtu alalamike. Na geji ikiharibika haitoi moshi wala haimwagi mafuta. Inaendelea kuonyesha kitu, ila kitu hicho si kweli. Mwenye ndege kuukuu basi ana mambo matatu ya kuchagua: afufue geji zake, aweke za elektroniki, au aendelee nazo hivyo hivyo. Mimi siamini kwamba dashibodi nzima ina jibu moja. Kila geji huzeeka kwa namna yake na hudanganya kwa namna yake, na uamuzi unapaswa kufuata tabia hiyo. Kisha lipo jambo la pili, ambalo huku kwetu ni zito kuliko la kwanza: umbali uliopo kati ya ndege na meza ya fundi mwenye idhini ya kuifungua geji hiyo.

Nalitazama suala hili kutokea Namatala, mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu katika Divisheni ya Viwanda ya jiji la Mbale. Mbale haimo katika orodha ya viwanja vya mikoani vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Vilivyomo upande huu ni Soroti, Tororo na Jinja. Lakini hapa ndipo panapoeleweka vizuri kwa nini geji ni uhai. Mlima Elgon umesimama ubavuni mwa mji, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, wakati Mbale yenyewe iko mita 1,100 na ushei tu juu ya bahari. Mawingu ya mchana hujengeka juu ya mlima na kushuka kwa ghafla. Mwishoni mwa Julai 2022 mvua za usiku mmoja ziliifurisha mito ya Nabuyonga na Namatala, na watu wakapoteza maisha. Rubani anayetoka Soroti kwenda Tororo ana ukuta huo wa mlima mkono wake wa kushoto. Siku ya jua haimsumbui. Siku ya mawingu, anachokijua juu ya ulipo mlima na alivyo yeye mwenyewe angani ni kile anachoambiwa na mishale.

Tuanze na geji za shinikizo la hewa, kwa kuwa ndizo nyepesi kuzielewa na ndizo zinazostahili zaidi kuokolewa. Ziko tatu: kipimakasi, altimita, na geji ya kupanda na kushuka. Altimita ni mtoto wa barometa isiyo na zebaki, aliyoitengeneza Mfaransa Lucien Vidie mwaka 1844. Ndani yake mna vibweta vya bati jembamba vilivyonyonywa hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, vibweta vinatanuka, na mtanuko huo mdogo unakuzwa na fito na gia hadi kuwa mzunguko wa mshale. Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliifanya altimita iwe sahihi kiasi cha kuaminiwa mwaka 1928. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Septemba, Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua huko New York akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo, akitumia altimita ya Kollsman pamoja na upeo bandia na dira ya jairo vya kampuni ya Sperry. Dashibodi ya Cessna ya mwaka 1970 haiko mbali na ile ya Doolittle.

Nguvu zinazosukuma geji hizi ni ndogo mno. Ndege ikienda noti 100 karibu na usawa wa bahari, upepo unaoingia kwenye bomba la mbele huongeza shinikizo la hektopaskali 16 hivi, wakati hewa ya kawaida ina 1,013. Hiyo ni kama sehemu moja ya sitini, na ndiyo pekee inayousukuma mshale wa kipimakasi. Kwenye altimita, hektopaskali moja tu ikikosewa rubani amepotea mita nane au tisa za mwinuko. Kwa hiyo adui mkubwa wa geji ya shinikizo ni msuguano: mafuta yaliyoganda kwenye ekseli, vumbi kwenye gia, kutu iliyoanza pale unyevu ulipoingia. Fundi akiipima altimita mezani huisoma mara mbili, kabla ya kuitikisa na baada ya kuitikisa, na tofauti ya namba hizo mbili inamwambia msuguano umefika wapi. Ndani ya ndege mtikiso wa injini ndio unaoifanya kazi hiyo ya kuubembeleza mshale.

Kanuni za Marekani, ambazo nchi nyingi zimezifuata kwa karibu, hutaka altimita na mabomba yake vipimwe kila miezi 24 kwa ndege inayoruka kwa kutegemea vyombo. Kwenye usawa wa bahari altimita hairuhusiwi kukosea zaidi ya futi 20. Kwenye futi 10,000 inaruhusiwa 80. Kwenye 20,000 inaruhusiwa 130. Mabomba nayo hunyonywa hadi altimita isome futi 1,000 juu ya ilipo, kisha hufungwa na kuangaliwa kwa dakika moja. Ikishuka zaidi ya futi 100, mahali fulani panavuja. Geji iliyoundwa miaka ya 1960, ikisafishwa, ikabadilishiwa mipira ya kuzuia hewa na vioo, na vibweta vyake vikiwa havijapasuka, inaweza kabisa kurudi ndani ya mipaka hiyo. Hakuna chombo chochote cha elektroniki ninachokijua kilichotimiza miaka sitini kikiwa bado kinatengenezeka hivyo.

Hata hivyo, kazi nzuri ya mezani hupotea bure mabomba ya ndege yakiachwa. Nyigu wa udongo wanaoziba matundu ya funguo na mabomba majumbani kwetu ndio hao hao wanaopenda bomba la kipimakasi la ndege iliyolazwa nje. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kufunikwa mabomba yake, na wachunguzi waliona kuwa moja lilikuwa limezibwa, huenda na nyigu. Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 nyingine, ya Aeroperú, iliangukia baharini karibu na Lima na kuua watu 70, kwa sababu waliokuwa wakiisafisha walibandika utepe juu ya matundu ya hewa tuli na hakuna aliyekumbuka kuubandua. Hizo zilikuwa ndege kubwa zenye kompyuta. Kwenye ndege ndogo kanuni ni ile ile, na kitambaa chekundu cha kufunika bomba ni rahisi kuliko kipuri chochote katika ndege nzima.

Upeo bandia na dira ya jairo ni jamii nyingine, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa maana ndipo maamuzi mabaya yanapofanyika. Ndani ya kila moja mna gurudumu dogo zito linalozunguka kwa kasi kubwa, katika geji nyingi zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Linazungushwa na hewa. Pampu iliyofungwa kwenye injini hunyonya hewa kutoka ndani ya geji, na hewa ya chumba cha rubani huingia kupitia chujio na kupiga vikombe vilivyochongwa ukingoni mwa gurudumu. Mnyonyo unatakiwa uwe kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki hivi. Ukipungua, gurudumu linazubaa. Ukizidi, beringi zinakula. Gurudumu linalozunguka kwa kasi hiyo hukataa kuinama, na ukaidi wake ndio unaomwonyesha rubani mbingu iko wapi na ardhi iko wapi.

Beringi zinazolishika gurudumu hilo ni ndogo sana, na uhai wa geji yote umo humo. Vumbi la viwanja vya murram hupita kwenye chujio lililochoka na kuwa msasa. Zamani, marubani walipokuwa wakivuta sigara wakiruka, lami ya moshi iliganda humo humo. Geji ikiangushwa juu ya benchi kutoka kimo cha kiganja tu, gololi huchimba vishimo kwenye njia zake, na kutoka hapo kuharibika ni suala la muda. Fundi anayejua kazi yake haichomoi geji ya jairo mpaka gurudumu limesimama kabisa. Na ndege ikishazimwa, yeye husogeza sikio kwenye dashibodi: jairo nzima huendelea kuvuma kwa dakika kadhaa huku sauti ikififia polepole, mbovu husaga na kusimama upesi. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote, na ninashangaa kwamba hakifanywi kila jioni katika kila hanga.

Ndege inayokaa bila kuruka huzeeka vibaya kuliko inayoruka kila siku. Mafuta ya beringi hukauka na kujitenga, unyevu wa msimu wa mvua huanza kazi yake, na siku injini itakapowashwa gurudumu linaanza kusaga vyuma vikavu. Hili ni la kufikiriwa hasa na shule za urubani ambazo ndege zake hukaa hangani zikisubiri kipuri kimoja, kwa maana wakati kipuri hicho kinasubiriwa, geji zinaharibika kimya kimya.

Ubaya wa jairo ni jinsi inavyokufa. Pampu nyingi za kisasa huzunguka kwa vipande vya kaboni bila mafuta, na vipande hivyo huvunjika ghafla, bila kishindo cha kumshtua rubani. Gurudumu halisimami papo hapo. Linapunguza kasi kwa dakika kadhaa, na kadiri linavyochoka upeo bandia unalala upande mmoja taratibu sana. Rubani aliye ndani ya wingu hulifuata lalo hilo, akiamini anasawazisha mabawa, kumbe anayalaza. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo, wakanyimwa kuona nje na wakakosa upeo bandia. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wastani wa muda mpaka kushindwa ulikuwa sekunde 178. Ndiyo maana wabunifu waliweka geji ya mpindo, inayoonyesha mpinduko wa ndege, iendeshwe kwa umeme badala ya mnyonyo: pampu ikifa, moja angalau ibaki inasema kweli. Anayetoa geji moja na kuweka nyingine lazima ajiulize kwanza kama bado amebakiza vyanzo viwili vya nguvu visivyotegemeana.

Sasa, kufufua geji ni kufanya nini hasa? Maneno huchanganywa, na wauzaji wananufaika na mchanganyiko huo. Kuna kurekebisha, yaani kuondoa hitilafu iliyoonekana na kuacha mengine. Kuna kupamba: kupaka upya uso wa geji, kung'arisha ukingo, kuweka kioo kipya, ndege hupendeza, mshale unabaki mzee. Na kuna ukarabati kamili, ambao una njia moja tu. Geji hupimwa kwanza kama ilivyofika, ili ijulikane ilikuwa ikidanganya kiasi gani. Hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi. Vipande huoshwa kwa mawimbi ya sauti ndani ya kimiminika, hukaguliwa kwa kioo cha kukuza, na vyote ambavyo kitabu cha mtengenezaji kinasema vibadilishwe hubadilishwa hata kama vinaonekana vizima: beringi, mipira, baadhi ya springi. Gurudumu husawazishwa upya. Geji hufungwa, huendeshwa kwa saa kadhaa, kisha hupimwa ikiinamishwa na kuzungushwa kama itakavyokuwa angani. Mwisho fundi hutia sahihi.

Hata kazi ya rangi, inayoonekana ni ya urembo tu, ina hatari zake. Tao la kijani, la manjano na jeupe kwenye kipimakasi ni mipaka ya ndege hiyo mahsusi, wala si ya kila Cessna. Na pale alama zinapochorwa juu ya kioo badala ya usoni, ni lazima uchorwe mstari mweupe mdogo unaovuka kutoka kwenye kioo hadi kwenye ukingo. Kioo kikizunguka, mstari huo unakatika, na rubani anajua alama zake zimehama.

Sahihi ya fundi inanirudisha kwenye lile jambo la umbali. Geji iliyotengenezwa vizuri bila cheti cha kuirudisha kazini ni kipande cha chuma tu mbele ya sheria, na mimi naona sheria iko sawa hapo. Thamani ya ukarabati wa geji nusu yake ni kazi, nusu yake ni historia iliyoandikwa: nani aliifungua, kwa kitabu gani, kwa vipimo vilivyohakikiwa na nani. Karakana zenye idhini ya kutoa cheti hicho kwa jairo za ndege ndogo ziko nyingi Marekani na Uingereza, na nyingine Afrika Kusini. Kwa hiyo geji ya Soroti hufungwa kwenye sanduku, husafirishwa hadi Entebbe, hupanda ndege, hupita forodha mbili, na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Beringi zile zisizostahimili kuangushwa kimo cha kiganja zinabebwa na watu wasiojua kilichomo. Wapo wanaofupisha safari kwa kubadilishana: unapeleka geji yako mbovu, unapewa nyingine iliyokwisha karabatiwa. Ndege inaruka mapema, lakini geji unayopokea imetoka kwenye ndege usiyoijua, na kumbukumbu zako zinaanzia pale kwenye cheti chake.

Haikuwa lazima iwe hivi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilikuwa na makao na mafundi wake Nairobi, na mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ikaanzisha shule ya urubani na ufundi wa ndege Soroti ili iwahudumie Wakenya, Watanzania na Waganda pamoja. Ulikuwa mgawanyo wenye akili: huku karakana, huku shule, wanafunzi wanatoka hapa wanakwenda kule. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, shirika likafa, kila nchi ikabaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Uganda ilibaki na shule isiyo na karakana kubwa nyuma yake. Wilson, uwanja uliokua kutokana na kampuni ya Florence Kerr Wilson ya mwaka 1929, ukazidi kuwa kitovu cha ndege ndogo, na mtu wa Soroti mwenye shida akatazama Nairobi au ng'ambo. Kajjansi nako kulikuja kuchangamka. Ndege za kimisheni za MAF zimekuwa zikihudumia Uganda tangu 1987. Mashariki mwa nchi hapakupata meza ya kupimia geji yenye hadhi ya jina la shule hiyo.

Wengi watasema: achana na magurudumu na beringi, weka skrini. Hoja hiyo ina nguvu na siipuuzi. Tangu mwaka 2016, Marekani iliporuhusu Garmin G5 iwekwe katika ndege ndogo zenye cheti cha kawaida, mwenye Cessna kuukuu anaweza kung'oa upeo bandia wa hewa na kuweka kifaa cha elektroniki chenye betri yake ya akiba. Hakina beringi. Hakitegemei pampu. Kwa rubani anayepita mawinguni kandokando ya Elgon, naona hilo ndilo badiliko la kwanza la kufanya, na mwenye fedha za kukarabati upeo bandia wake kwa mara ya tatu ajiulize kwa nini asizipeleke huko.

Lakini skrini nayo ina uzee wake, na uzee huo hauna fundi. Garmin GNS 430, redio na kiongoza njia kilichojaa katika ndege ndogo za dunia nzima, kilianza kuuzwa mwaka 1998, kikaacha kuundwa mwaka 2011, na baadaye mtengenezaji akatangaza kwamba baadhi ya vipuri vyake vimekwisha. Miaka ishirini na kitu, basi. Kioo chake kikifa hakuna wa kukisafisha wala kukisawazisha. Kinanunuliwa kingine cha kizazi kipya, pamoja na kazi ya nyaya upya. Kwa shule au misheni inayopanga bajeti kwa shilingi na kununua kwa dola, mzunguko huo ni mzito. Kwa hiyo nashauri mchanganyiko: upeo bandia na dira ya jairo viende elektroniki kadiri fedha zinavyopatikana, altimita, kipimakasi na geji ya kupanda na kushuka vikarabatiwe na kubaki. Umeme ukizimika wote, hewa haizimiki.

Dira ya sumaku nayo haina umeme, na watu huisahau. Kimiminika chake huvuja, mpira wake hupasuka, kadi yake huanza kukwama. Ina jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Kansas sindano ya sumaku huvutwa sana kuinamia kaskazini, na dira zinazouzwa huko husawazishwa kwa uzito mdogo wa kupinga mvuto huo. Mbale, ingawa iko kaskazini kidogo ya ikweta ya ramani, iko kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo hapa barani hupita juu kule Ethiopia. Sindano huku huinamia kusini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Kansas hukaa imeinama kwetu na kadi yake hukwaruza. Anayeagiza ukarabati wa dira ataje ndege inaruka wapi, la sivyo atarudishiwa dira nzuri ya nchi nyingine.

Nimesema nalitazama suala hili kutokea Namatala, na kuna onyo moja ambalo halina budi kutolewa hapa kabla ya pengine popote. Mtaa huu unaishi kwa kazi za mikono na kwa kununua na kuuza vilivyotupwa, vyuma chakavu vikiwamo. Geji za zamani, hasa za enzi ya Vita Kuu ya Pili, zilipakwa rangi ya radiamu ili namba zing'ae gizani. Wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo katika viwanda vya saa vya Marekani miaka ya 1910 na 1920 waliugua mifupa na saratani, na wengi walikufa. Nusu ya maisha ya radiamu ni miaka 1,600. Rangi iliyoacha kung'aa imechoka yenyewe tu. Radiamu iliyomo iko vile vile. Geji ya namna hiyo ikibaki imefungwa haina hatari kubwa, lakini ikivunjwa kioo na kukwanguliwa ili kupata shaba iliyomo, vumbi lake huingia kwenye mapafu na chakula. Uganda ina Baraza la Nishati ya Atomiki lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwenye hanga anayetupa geji za zamani anapaswa kuwasiliana na baraza hilo kabla ya kuzipeleka kwenye kilo za chuma chakavu, na jukumu hilo ni lake, si la kijana anayebeba gunia.

Kijana huyo, au jirani yake anayefungua redio na mita za pikipiki siku nzima, ndiye ninayemfikiria ninapofikiria karakana. Kufungua geji kunataka mkono mtulivu, jicho la vitu vidogo na subira, na sifa hizo ziko tele mtaani. Kisichokuwapo ni kitabu cha mtengenezaji, vipimo vilivyohakikiwa, chumba safi na idhini. Sitamshauri mtu yeyote aipeleke altimita ya ndege inayoruka kwa fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi. Ninachosema ni kwamba barabara ya kutoka Mbale hadi Soroti ni kilomita mia moja hivi, na shule ya Soroti hufundisha mafundi wa ndege. Geji zilizokataliwa, zisizo na radiamu na zisizoweza kurudi angani, ni vifaa bora kabisa vya kujifunzia: zikatwe upande mmoja zionyeshe vibweta na gia, zifunguliwe na kufungwa na wanafunzi mpaka mikono izoee. Shule za ufundi za Mbale na Jinja zingeweza kupewa hizo. Atakayeonyesha kipaji apandishwe hadi Soroti kusomea leseni.

Karakana yenyewe haihitaji kuanza na kila kitu. Kifaa cha kupimia altimita, kipimakasi na uvujaji wa mabomba ni sanduku linalobebwa na mtu mmoja, na kinahakikiwa mara kwa mara na maabara ya vipimo. Kwa hicho pekee, ndege zote za Soroti na zinazopita Tororo na Jinja zingeweza kupimwa hapa bila kung'oa geji hata moja, na kingebaki cha kupeleka ng'ambo kile tu kilichothibitika kibovu. Hatua ya pili ni kufungua na kukarabati geji za shinikizo, kwa kuwa vipuri vyake ni vichache. Jairo zije mwisho, kama bado zitakuwapo za kutosha. Wakala wa Usalama wa Anga wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao yake Entebbe, una kazi ya kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zikilingana, meza moja ya Soroti inaweza kupima altimita ya ndege ya Kisumu kwa cheti kinachokubalika pande zote mbili za mpaka. Kutoka Kisumu hadi Soroti, kwa Cessna 172, ni safari isiyofika saa mbili.